Fungua Mlango

Stima zilikuwa zimepotea Migosi tangu saa moja jioni, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ile ya Kisumu inayomwaga kwa ndoo na kukoma ghafla. Nilikuwa nasahihisha insha kwa mwanga wa simu niliposikia maji yakikimbia mahali yasipopaswa. Nikatoka. Bomba lililo nje ya nyumba ya jirani yangu lilikuwa limepasuka, na maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango wake.

Jirani ni nesi, na usiku huo alikuwa zamu. Ndani alikuwemo mama yake peke yake, mzee wa miaka themanini na ushee, aliyekuja kutoka Tororo wiki mbili kabla ili atibiwe macho.

Nikagonga kwa kiganja.

"Fungua mlango!" nikaita. "Fungua haraka!"

Mshumaa uliokuwa ukiwaka dirishani ukazimika.

Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, nikidhani hajasikia. Niliita mara tatu au nne. Kimya. Mwishowe nikaitafuta koki kwenye mita, nikafunga maji, nikarudi kulala nikijua nimetenda wema.

Asubuhi jirani alimkuta mama yake ameketi sakafuni nyuma ya mlango wa jikoni, gauni limelowa hadi magotini. Alikuwa amevaa viatu. Mkononi ameshika kitambulisho chake cha Uganda.

"Usijilaumu, Mwalimu," jirani aliniambia tulipokutana langoni. "Hakukuogopa wewe. Aliogopa Kiswahili."

Hii ni wiki ya saba, na maneno hayo hayajanitoka.

Nilichokuwa nikisema darasani

Ninafundisha Kiswahili. Mwaka huu ni wa kumi na tisa. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma niliyekuja Kisumu bila neno la Kijaluo, na ni Kiswahili kilichonipa nyumba, marafiki na mahali pa kukaa kwenye matanga ya watu. Nimewaambia wanafunzi mara nyingi kwamba lugha hii haina kabila wala haimwogopeshi mtu.

Mwaka 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, nilishangilia mbele ya Kidato cha Tatu. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini wenzetu walichelewa hivyo, ilhali katiba yao ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Nikamjibu kwamba ni maringo. Wamezoea Kiingereza, nikasema, na Waganda wana Kiganda chao.

Msichana yule ameshamaliza shule. Sina njia ya kumwita arudi nimwambie kwamba nilikosea.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimesoma, zaidi ya mara moja, kwamba ng'ambo ya Busia na Malaba kuna watu wanaokisikia Kiswahili kama lugha ya askari na majambazi. Nililipita jambo hilo kama abiria anavyopita bango la barabarani. Sikuwahi kuliona likiwa limeketi ndani ya maji.

Lugha ya kambini

Sina haja ya kusimulia Idi Amin alikuwa nani. Huku magharibi kila ukoo una mtu aliyekimbia, au aliyempokea mkimbizi, au aliyeuza kitu mpakani. Nilichotaka kujua ni kimoja: Kiswahili chake alikitoa wapi?

Alikitoa jeshini. Aliingia King's African Rifles mwaka 1946. Maelezo yanayorudiwa sana husema alianza kama msaidizi wa mpishi. Jeshi lile lilikusanya vijana wa makabila chungu nzima kutoka nchi kadhaa, na maofisa Waingereza wakahitaji lugha moja ya kuwaamrisha. Wakakichukua Kiswahili wakakikwangua. Ngeli zikapukutika. Methali, utani, mashairi, zile salamu za pwani zinazoanza na mtu na kuishia kwa ng'ombe wake, vyote vikaachwa nje ya lango la kambi. Kilichobaki ni amri, na "ndiyo, effendi".

Katika kitabu ninachofundishia, sentensi za amri huchukua kipindi kimoja cha dakika arobaini. Kambini zilikuwa lugha nzima.

Huko ndiko alikokulia kijana yule mrefu, bingwa wa masumbwi nchini mwake kwa karibu miaka tisa. Wakubwa walimpenda kwa sababu alitii. Akawa effendi, cheo cha juu cha askari Mwafrika, mwaka 1959, kisha mwaka 1961 akawa mmoja wa wenyeji wawili wa kwanza wa Uganda kupewa uafisa. Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola huko Singapore, aliitwaa nchi.

Na mwaka 1973 akaamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa ya Uganda.

Nimeyafungua tena maandishi ninayowapa wanafunzi kuhusu maenezi ya Kiswahili. Yameandikwa kwa mkono wangu: "1973: Kiswahili chatangazwa kuwa lugha ya taifa Uganda." Chatangazwa. Mwalimu mzima wa sarufi nimetumia kauli ya kutendwa, na mtendaji nimemficha. Nilipoandika hivyo sikukusudia kumficha. Nilifurahia tu tarehe, nikaiweka pamoja na tarehe nyingine nzuri.

Alipita kwetu kwanza

Kwa wiki ya kwanza nilijituliza kwamba haya ni ya Uganda. Sisi ni majirani, tulisikia kelele za upande wa pili wa ua.

Utulizo huo haukudumu, kwa sababu Amin askari alitengenezwa nusu yake hapa Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, alikuwa katika vikosi vilivyotumwa kupambana na Mau Mau. Wazee waliokuwa hai wakati huo katika Bonde la Ufa na Mkoa wa Kati wanajua nyumba zilivyogongwa usiku, na kwa maneno gani. Hakuyabuni Amin. Aliyakuta.

Kisha kuna Turkana. Mwaka 1962, Uganda ikiwa karibu kupata uhuru wake, kikosi alichokiongoza kilipelekwa kuzima wizi wa mifugo. Baadaye yalipatikana maiti za wafugaji waliokuwa wameteswa na kupigwa. Wengine, uchunguzi ulionyesha, walizikwa wakiwa hai. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, akashauriana na Obote, ambaye wakati huo alikuwa waziri mkuu. Ikaonekana haifai kumshtaki mmoja wa maofisa wawili weusi wa nchi muda mfupi kabla ya bendera kupandishwa. Wakamkaripia. Kisha akapandishwa cheo.

Wale wafugaji walikuwa watu wetu. Wamo katika hesabu yake kabla ya jaji yeyote wa Kampala, na katika vitabu vyetu vya shule sijawahi kuona aya moja kuwahusu.

Januari 1964

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka, nami naomba msomaji asiharakishe.

Katika wiki moja ya Januari 1964, askari wa nchi tatu waliasi mmoja baada ya mwingine: kambi ya Colito pale Dar es Salaam, kambi ya Jinja, na kambi ya Lanet hapo Nakuru, ile unayoipita ukielekea Nairobi. Walikuwa watoto wa jeshi moja, King's African Rifles. Walizungumza Kiswahili kimoja. Madai yao yalifanana: mishahara, na maofisa Waingereza waondoke. Serikali zote tatu ziliita majeshi ya Uingereza kuja kuwazima.

Baada ya hapo kila nchi ikashika njia yake. Kenya iliwashtaki waasi wa Lanet katika mahakama ya kijeshi, mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Uganda iliwakubalia askari nyongeza ya mishahara, na katika mwaka huohuo Amin akapanda ngazi upesi. Nyerere alilivunja jeshi zima. Akaanza upya na vijana waliotoka katika chama na Jeshi la Kujenga Taifa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Miaka kumi na mitano baadaye, mawili kati ya majeshi hayo yalikutana vitani.

Lugha ilikuwa ileile. Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu la kumpelekea Dani. Ndivyo ninavyomwita mama ya jirani, kama wajukuu zake wanavyomwita nyanya yao.

Mabati ya baba

Kabla sijafika kwake, lazima niseme la nyumbani kwetu.

Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya Kenya, kutoka huku magharibi hadi si mbali na Nairobi, kwa hoja kwamba Waingereza waliimega kutoka Uganda. Kimsingi hakuzua: hadi 1902 Kisumu na Nakuru zilihesabiwa upande wa Uganda, na reli iliyofika ziwani mwaka 1901 iliitwa Reli ya Uganda. Mzee Kenyatta akakataa katakata, nchi ikawaka, na baada ya siku chache Amin akarudi nyuma. Baba yangu alisimulia hasira ya siku hizo hadi uzeeni.

Mwaka uliofuata alikuwa Chepkube, soko la mpakani.

Mtu wa Bungoma haelezwi Chepkube. Baridi kali iliua mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikaruka, na mkulima wa upande wa Uganda alikuwa akilipwa kwa shilingi isiyonunua hata chumvi. Basi kahawa ilishuka usiku kutoka Mlima Elgon, vichwani, migongoni mwa punda, kwenye baiskeli. Huko kwao ilikuwa magendo, na adhabu yake ilikuwa risasi. Upande wetu ilikuwa biashara. Watu walijenga, walinunua magari, walioa.

Baba alinunua mabati. Mimi nilizaliwa chini ya mabati hayo mwaka 1978.

Utotoni nililisikia neno "magendo" likitamkwa kwa kicheko. Nililisikia pia neno "mafuta mingi", jina walilopewa waliogawiwa maduka ya Wahindi. Amri ya kuwafukuza Wahindi aliitangaza tarehe 4 Agosti 1972 katika kambi ya Tororo, mji wa Dani, akasema ameoteshwa ndoto. Siku tisini. Treni zao zilipita Eldoret na Nakuru zikiteremka Mombasa.

Mafuta mingi. Mwanafunzi akiniandikia hivyo namwekea mstari mwekundu: ni mafuta mengi. Sasa naliona kosa hilo kwa jicho jingine. Ni Kiswahili kilekile kilichokwanguliwa ngeli, kimetoka kambini na kuketi nyuma ya kaunta ya duka lisilo lake.

Alichosimulia Dani

Wiki ya tatu niliomba kwenda kumwomba radhi. Jirani alikaa kati yetu akitafsiri. Dani anasema Kidhopadhola, na Mjaluo wa Kisumu humwelewa bila taabu. Mimi huokota neno hapa na pale.

Hakutaka radhi. Alitaka kujua kama maji yaliharibu mlango.

Kisha akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, akiwa amegeuzia uso dirishani kwa ajili ya macho yake.

Mume wake alikuwa karani wa reli pale Tororo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Oboth Ofumbi alikuwa Mjopadhola, mtoto wa Tororo. Tangu siku hiyo, alisema Dani, kila mtu mwenye jina lao alijua kwamba jina linaweza kumwua.

Walikuja mwezi uliofuata. Mashati ya maua, miwani myeusi usiku. Nyumba za wafanyakazi wa reli zilikuwa zimepangwa kwa mstari, na alizisikia sauti zikikaribia, mlango baada ya mlango. Hawakutaja jina la mtu. Walisema maneno mawili tu, na mimi niliyasema yaleyale nje ya dirisha lake, kwa sauti ya mwanamume, gizani.

Mumewe aliomba achukue kipande chake. Wakamkatalia. Aliomba avae viatu. Wakamkatalia pia.

"Alitoka miguu mitupu," Dani akasema. "Kulikuwa kumenyesha."

Nilitazama sakafu. Jirani naye alinyamaza kidogo kabla ya kutafsiri, na sauti yake ilibadilika. Nadhani sehemu hiyo alikuwa hajawahi kuisikia.

Hakurudi. Hakuna kaburi. Makadirio ya waliouawa katika miaka ile minane yanayotajwa sana ni laki tatu. Wamo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa akiwa Mahakama Kuu mnamo Septemba 1972, na askari Waacholi na Walangi waliochinjwa na wenzao kambini. Wapo wenye majina barabarani na kwenye makanisa. Karani wa reli wa Tororo yumo ndani ya laki, na kwenye viatu ambavyo mke wake huviweka karibu na kitanda kila usiku.

Hotuba niliyompelekea

Nilitaka kukitetea Kiswahili. Nakiri hivyo. Hata baada ya kusikia yale, kuna sehemu yangu iliyotaka Dani akisamehe.

Kwa hiyo niliporudi nilibeba simu yenye hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Amin kuvuka na kuteka eneo la Kagera. Mnaijua. "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Kila nikiisikia hunisimka mwili. Sikiliza ngeli zilivyokaa: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Hakuna aliyezikwangua. Nilimweleza Dani kwamba jeshi lililomwangusha Amin lilizungumza lugha hii, na lilizungumza hivi, na kwamba Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979 kwa Kiswahili.

Alisikiliza kidogo. Kisha akainua mkono nizime.

"Hao nao walikuja kwangu," akasema.

Baada ya Kampala kuanguka, Watanzania walifika Tororo. Mmoja alisimama mlangoni kwake. Alisema hodi. Dani hakujibu. Akasema, hodi Mama, kuna maji ya kunywa? Dani alikuwa ameziba mdomo wa mtoto wake wa mwisho, ambaye ndiye huyu jirani yangu. Yule askari akaketi barazani. Alikaa muda wa kupika ugali, kisha akaondoka. Kesho yake alirudi akasema hodi tena, naye akafungua.

Nilikuwa karibu kutabasamu. Nilidhani tumefika.

"Halafu wakaja wengine," Dani akaendelea. Miaka ya 1980, Amin akiwa ameshakimbia, Obote amerudi, wakaja watu na malori. Maneno yao yalikuwa "panda gari", na waliopanda wengi hawakushuka. Hayo pia yalisemwa kwa Kiswahili.

"Hodi ilikuja mara moja, Mwalimu. Fungua ilikuja mara nyingi."

Sikuwa na la kusema. Hadi leo sina. Nimejaribu kujiambia kwamba kisu hakina kosa, kosa ni la mkono, na ni kweli, lakini mtu aliyekatwa haangalii mkono kwanza. Nimejaribu pia kujiambia kwamba lugha yoyote ingetumika vilevile. Huenda. Lakini ninayoipenda ni hii, na ndiyo iliyosimama mlangoni pake.

Nilimuuliza alijisikiaje Amin alipokufa. Mtu yule aliishi uhamishoni, Libya kisha Saudi Arabia, miaka ishirini na minne bila kusimama mbele ya hakimu hata siku moja, akafia hospitalini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Dani alisema alisikia redioni akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua.

Ufungue

Jumatatu moja kipindi cha sentensi za amri kilinifikia Kidato cha Kwanza. Mfano wangu wa miaka yote uko hapohapo katika maandalio: "Fungua mlango." Nilikuwa nimeshaandika "Fungua" ubaoni. Nikaacha chaki hapo kwa muda, watoto wakaanza kunong'onezana. Nikaongeza "kitabu". Kisha nikawaandikia "ufungue" chini yake na kuwauliza ni nini kimebadilika. Mmoja akasema, "Irabu ya mwisho, Mwalimu. Na mwanzoni umemweka mtu."

Nimeyasahihisha maandishi yangu ya maenezi. Mwaka 1973 sasa una jina la mtendaji, na chini yake nimeandika aya juu ya nyumba za reli, bila kutaja ni za nani.

Dani alirudi Tororo Ijumaa iliyopita, jicho la kulia limepona. Usiku wa kuamkia safari, jirani akiwa kazini, nilikuwa na mfuko wa omena na sukari wa kumpelekea. Stima zilikuwepo, lakini taa ya nje ilikuwa imeungua. Nilisimama mlangoni nikakosa neno. Mwishowe nilisema hodi, mara moja, kwa sauti ya chini, nikaketi kwenye ngazi.

Magari yalikuwa yakipita kwa mbali kwenye barabara ya Kakamega. Mbu walikuwa wengi. Sijui nilikaa muda gani.

Kutoka ndani aliuliza kwa lugha yake ni nani. Nikajibu kwa Kijaluo changu cha kuokota: "Dani, en an. Mwalimu."

Kimya kidogo. Kisha nikamsikia akivaa viatu, cha kwanza, cha pili, taratibu. Ndipo komeo likavutwa.